Ugali wa kila siku: Upike vipi ukulishe bila kukudhuru?

Ni nyumba chache mjini zinazomaliza wiki bila ugali. Wengine huuita sima, wengine kuon, wengine obusuma, lakini sufuria ni ile ile na mwiko ni ule ule. Kwa kuwa twaula karibu kila siku, kosa dogo katika kuchagua unga au kuupika hurudiwa mamia ya mara kwa mwaka. Wiki hii tujifunze namna kadhaa za kupika ugali nyumbani, na kila namna inaufaa mwili vipi.

Mahindi yana nini, yamepungukiwa na nini?

Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa kalori 360 hivi na takriban gramu 8 za protini. Hicho ni chakula cha nguvu. Lakini protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Tena vitamini iitwayo niasini imefungika ndani ya mahindi hivi kwamba tumbo haliipati vizuri.

Waitaliano wa kaskazini walilijua jambo hili kwa uchungu. Wao wana ugali wao uitwao polenta. Katika karne ya 18 na ya 19 maskini wengi wa huko walikula polenta na karibu hapana kingine. Wakapatwa na pelagra: ngozi iliyopigwa na jua inakuwa nyeusi na kuchubuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na mwishowe mtu hufa. Wenyeji wa Mexico, ambao wamekula mahindi kwa maelfu ya miaka, waliepuka balaa hilo kwa kuyachemsha pamoja na chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hufungua ile niasini.

Usidhani ni hadithi za zamani tu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi waliugua pelagra, kwa sababu mgao wao ulikuwa mahindi na karanga zilikosekana. Hapa kwetu walio hatarini ni walevi wa kupindukia na wale wanaoshindia ugali mtupu na chai ya strungi. Ugali si mbaya. Ubaya ni kuuacha peke yake kwenye sahani.

Anza na unga

Unga mweupe wa gredi ya kwanza umeondolewa pumba na kiini cha mahindi, na pamoja navyo huenda sehemu kubwa ya vitamini za B, madini ya chuma na nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Soma pakiti uone kama umeongezwa. Unga wa posho uliosagwa mzima una pumba na kiini chake, lakini mafuta ya kiini huuharibu mapema. Saga wa wiki mbili tatu tu, uweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, na usiuweke juu ya sakafu ya simiti.

Sasa tuje kwa jambo la hatari kuliko yote: ukungu. Mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Sumu hii huharibu ini, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini, hasa akiwa pia na homa ya ini aina ya B.

Sikiza vizuri: kupika hakuondoi aflatoksini. Hata ukichemsha ugali saa nzima, sumu itabaki. Kinga iko kabla ya sufuria. Mahindi yakiletwa kutoka mashambani, yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka yakauke kabisa. Yachambue kabla ya kupeleka posho mill, na utupe punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kunyauka. Unga unaonuka uvundo au ulio mchungu usipikwe. Na usiwape kuku wala ng'ombe mahindi yenye ukungu, maana sumu hurudi kwako kupitia maziwa.

Namna ya kwanza: ugali wa kawaida

Kwa watu wanne au watano, chemsha lita 1 ya maji na upime unga nusu kilo. Maji yakitokota, tia konzi mbili za unga, koroga, na uache uji huo utokote kama dakika 3. Kisha ongeza unga uliobaki kidogo kidogo huku ukisonga na kuukandamiza kwenye ukingo wa sufuria ili madonge yavunjike. Punguza moto, funika dakika 5, geuza, songa tena, funika tena. Ukianza kunukia na kuachana na sufuria, umeiva. Ugali uliotolewa mbichi humfanya mtu avimbiwe. Chumvi haihitajiki, na mwenye shinikizo la damu atashukuru.

Uji mzito ukitokota huruka na kuunguza. Watoto wakae mbali na jiko. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usimpake unga, mafuta wala dawa ya meno.

Namna ya pili: ugali wa mchanganyiko

Kabla mahindi hayajaenea bara, mababu zetu walisonga wimbi, mtama na mawele. Changanya vikombe viwili vya unga wa mahindi na kimoja cha wimbi. Ugali utakuwa wa kahawia na utahitaji dakika chache zaidi jikoni. Wimbi lina kalsiamu mara nyingi kuliko mahindi, jambo linalowafaa wajawazito, watoto na wazee.

Muhogo nao huchanganywa na mtama, hasa Nyanza na Magharibi. Lakini unga wa muhogo una protini kidogo sana, hivyo ule na samaki au maharagwe. Muhogo mchungu una sumu inayopunguzwa kwa kuuloweka na kuukausha sawasawa. Nunua kwa mtu unayemwamini.

Ukitaka kumwongezea nguvu mtoto asiyependa kula, badilisha nusu ya maji kwa maziwa.

Namna ya tatu: uji wa kuchachuka

Koroga unga na maji safi, funika, uache siku moja au mbili mpaka uwe mkali. Kisha uupike kwa maji zaidi hadi utokote vizuri. Kuchachuka hupunguza vitu katika nafaka vinavyozuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza uji pamoja na maziwa ya mama. Kabla ya hapo anatosheka na titi. Uji wake usiwe maji matupu: uwe mzito wa kutosha kukaa kwenye kijiko, na utiwe karanga zilizosagwa laini, maziwa, yai lililoiva au unga wa omena.

Namna ya nne: kiporo

Waitaliano huacha polenta ipoe juu ya ubao, wakaikata vipande na kuichoma au kuikaanga. Nawe unaweza. Kata ugali uliopoa vipande vya unene wa kidole, paka mafuta kidogo tu, na uvigeuze juu ya kikaango cha chapati mpaka viwe na ukoko pande zote. Watoto hupenda hivi asubuhi, pamoja na yai au maharagwe. Lakini ugali uliobaki usikae mezani usiku kucha. Ukipoa, ufunike na uuweke kwenye friji, na uuliwe kesho yake ukiwa moto kabisa. Asiye na friji apike wa kutosha mlo mmoja.

Sahani iweje?

Robo ya sahani iwe ugali, robo iwe maharagwe, ndengu, omena, mayai au nyama, na nusu iwe mboga: sukuma wiki, mchicha, managu au kunde. Mboga zipikwe dakika chache tu, zisichemshwe na maji yake kumwagwa. Tunda kama chungwa baada ya chakula husaidia mwili kupokea madini ya chuma, lakini chai huyazuia. Ngoja saa moja kabla ya kunywa chai.

Mgonjwa wa kisukari huniuliza kama ameachishwa ugali. Hapana. Ale kiasi cha ngumi yake, wa unga mzima au wa mchanganyiko, na mboga ziwe nyingi. Ila asiache kula wanga ghafla ilhali anatumia dawa, kwani sukari yaweza kushuka hadi azirai. Azungumze kwanza na daktari wake.

Usingoje nyumbani

Mtu akiwa na macho ya manjano, tumbo linalovimba na kutapika, hasa ikiwa wengi wa nyumba moja wameugua pamoja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na ubebe mahindi au unga mliokula. Mtoto aliyevimba miguu na nywele zake kugeuka rangi naye anahitaji daktari, si uji zaidi.

Jioni ya leo kabla ya kuwasha jiko, fungua chombo chako cha unga, unuse na uutazame. Wiki njema na afya njema.