Umefika Ujerumani kama au pair? Anza na kalenda ya jikoni

Mabinti wanaoniandikia kutoka Dar, Moshi na Nairobi huuliza habari za viza: cheti cha Kijerumani cha A1, mahojiano ubalozini, umri (unapoomba uwe hujatimiza miaka 27). Hayo utaelezwa vizuri tu na wanaohusika. Wachache ndio huuliza utaishije ndani ya nyumba ya watu mwaka mzima, na hilo ndilo litakaloamua kama utalala usingizi au utalia. Mimi nilikaa Münster, magharibi mwa nchi, kwa familia yenye watoto wawili. Naandika niliyoyaona huko.

Kwanza ujue nafasi yako. Wewe si mgeni, na si hausigeli. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu; au pair hupewa mapema zaidi, ila jembe lake lina mipaka. Kazi haizidi saa 6 kwa siku wala 30 kwa wiki, na zile jioni unazobaki na watoto wazazi wakitoka nazo zinahesabiwa. Kila wiki una siku moja na nusu ya mapumziko, na kwa mwaka likizo ya wiki 4. Posho ni euro 280 kwa mwezi, na familia inachangia euro 70 za darasa la lugha. Chumba chako, chakula na bima viko juu yao. Sisemi uingie na mkataba mkononi ukidai haki mlangoni. Lakini anayejua mipaka yake hutulia, na hata kusaidia kidogo zaidi anasaidia kwa moyo mweupe.

Sasa kalenda. Jikoni kwetu ilitundikwa kalenda ndefu, kila mtu na safu yake: Jumanne mtoto mkubwa kuogelea, Alhamisi baba kusafiri, mpaka siku ya kutoa pipa la karatasi. Omba safu yako wiki ile ile ya kwanza. Andika darasa lako, ibada yako, siku unayotaka kwenda kuwaona marafiki Köln. Kilichoandikwa pale kinaheshimiwa. Ukisubiri Ijumaa usiku ndipo useme kesho una safari, watanuna, na kinachowaudhi si safari bali kushtukizwa.

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tumelelewa kunyamaza mpaka mkubwa aone mwenyewe. Wenyeji wangu hawakuwa watu wa kuotea, walisubiri niseme. Ukikaribishwa chakula ukasema hapana kwa adabu, ukitegemea ubembelezwe, sahani inaondoka. Binti mmoja Mkenya niliyesoma naye lugha alishinda na njaa siku kadhaa kwa adabu hiyo hiyo.

Majina nayo yalinitesa. Kumwita mama wa makamo jina lake tupu, bila shikamoo wala nini! Mdomo ulikataa kabisa. Nikawa nangoja anitazame ndipo niongee. Baadaye nikamweleza jinsi tunavyofanya kwetu Tanga, akacheka, tukakubaliana nimwite Mama wa fulani kwa jina la mwanawe mkubwa. Watoto walilidaka siku hiyo hiyo.

Chakula cha jioni mara nyingi ni cha baridi: mkate, jibini, soseji, matango ya siki. Usinune. Omba siku yako ya kupika. Nilipopika chapati, yule mdogo alipanda stuli akawa anachambua tabaka moja moja, kisha akapaka Nutella (naam, Nutella) na kuanzia hapo Jumamosi ikawa ya chapati. Unga wa mahindi unapatikana kwenye maduka ya Waafrika mijini. Ukiukosa, semolina ya dukani inasongeka. Si sembe, lakini inashika.

Madogo madogo: viatu mlangoni. Madirisha hufunguliwa wazi dakika chache hata kwenye baridi kali, hita ikiwa imezimwa. Taka hutenganishwa. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji hurudishwa dukani kwa senti 25 kila moja. Kuanzia saa nne usiku ni kimya, na Jumapili hufyeki majani kwa mashine. Simu za nyumbani tunazipiga kama tunamwita mtu ng'ambo ya mto, kwa hiyo piga mchana watoto wakiwa shule. Nyumbani wako mbele kwa saa 2 majira ya baridi, saa 1 majira ya joto.

Desemba jua huzama saa kumi na ushee, na chumba kinaanza kukuvuta. Usijifungie. Novemba 11 toka na watoto kwenye maandamano ya taa. Jifunze baiskeli kabla ya kusafiri, maana Münster bila baiskeli umeachwa.

Si kila familia ni njema. Pasipoti kaa nayo mwenyewe. Andika saa zako za kazi kwenye daftari kila siku, na zikizidi zungumza mezani watoto wakishalala, kwa tarakimu: "Wiki hii nimefanya saa 38." Wasipobadilika, inawezekana kuhamia familia nyingine ndani ya muda wako, toa taarifa kwa wakala na ofisi ya wageni kabla hujabeba begi. Na mtu akikupiga au kukushika usivyotaka, kuna simu ya bure ya kusaidia wanawake, usiku na mchana: 116 016. Ihifadhi kwenye simu yako kabla hujapanda ndege.