Usiruke Wimbo: Shree 420 na Mwenye Digrii Mjini

Mwaka wa kwanza nilikuwa naangalia picha za Kihindi kwa staili ya hosteli: laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, watu watano kitanda kimoja, na mmoja wetu kidole kiko tayari. Wimbo ukianza tu, anaruka. "Hapo hakuna stori," anasema, nasi tunakubali, maana betri haimsubiri mtu. Picha ya karibu saa tatu tunaimaliza mapema, tunalala. Nilikuja kugundua baadaye kwamba tulikuwa tunatupa sehemu ile ile ambayo mji unasema ukweli wake.

Nitaonyesha kwa picha moja, halafu nitagusa nyingine mbili.

Shree 420 ilitoka mwaka 1955, mwongozaji na stelingi ni Raj Kapoor. "Shree" ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema Bwana. 420 ni kifungu cha sheria ya jinai ya India kilichohusu udanganyifu. Kwa hiyo jina la picha ni kama Bwana Tapeli. Kijana anaitwa Raj, anatoka Allahabad kwenda Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, akiwa na vitu viwili vya kujivunia: digrii ya B.A. na medali aliyopewa kwa uaminifu. Ndugu msomaji wa mwaka wa tatu, hebu rudia sentensi hiyo. Digrii haimpatii kazi. Medali anaiweka rehani. Na somo lake la kwanza kuhusu kutafuta riziki mjini analipata kwa ombaomba wa barabarani.

Wanawake wawili wanamvuta huku na huku. Mmoja ni Vidya, mwalimu maskini, na jina lake maana yake ni elimu. Mwingine ni Maya, wa kwenye makasino na kumbi za matajiri, na jina lake ni kama kusema mazigazi, kitu kinachong'aa lakini hakipo. Sawa, hapo mwandishi hakujificha sana! Mtu anayeruka nyimbo ataishia kwenye majina haya, atasema ameielewa picha: wema na ubaya, basi.

Lakini sikiliza nyimbo mbili zinavyojibizana. Raj anampeleka Vidya kwenye sherehe ya matajiri, Vidya anadhalilishwa, anaondoka. Raj anabaki. Hapo unakuja wimbo wa ukumbini, vyombo vya kizungu, watu wanacheza, na ujumbe wake kwa Raj ni mmoja tu: usigeuke kutazama nyuma. Mwanzoni amesimama kama mtu aliyepoteza kitu. Wimbo unavyoendelea, mwili wake unaanza kukubali. Hakuna mazungumzo yanayotuambia kwamba sasa kijana amebadilika. Tunamwona akibadilika miguuni. Ukiruka dakika zile, tabia yake baadaye inakuwa haina sababu, ndiyo maana sisi pale hosteli tulikuwa tunabishana eti "mbona jamaa kageuka ghafla?" Hakugeuka ghafla. Sisi ndio tulioruka.

Baadaye, akiwa tayari ana suti na pesa za utapeli, anawasikia wale watu wa kando ya barabara aliokuwa akilala nao wakiimba na kucheza usiku. Anaufuata wimbo. Kiitikio kiko kwa Kitelugu, lugha ya kusini, kinauliza kama mtu fulani atakuja. Fikiria: picha ya Kihindi, kiitikio cha Kitelugu, na hakuna anayekitafsiri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha ya mji iliyo kamili kuliko zote mle ndani. Bombay ilijengwa na watu waliotoka kila upande, na usiku kila mmoja alileta lugha yake pale barabarani. Wimbo wa matajiri unasema usitazame nyuma, wa maskini unauliza utakuja lini. Raj yuko katikati, na utapeli wake mkubwa, mpango wa kuwauzia maskini nyumba za rupia mia moja ambazo hazipo, unawalenga hao hao wanaomwimbia.

Nilipotafuta walioandika maneno ya nyimbo za picha hiyo nikaelewa zaidi. Muziki ni wa Shankar na Jaikishan. Maneno ni ya Shailendra, aliyewahi kufanya kazi karakana ya reli Bombay, na Hasrat Jaipuri, aliyewahi kuwa kondakta wa basi mji huo huo. Kondakta! Watu hawa hawakuhitaji kusimuliwa mji.

Mwaka uliofuata, 1956, ikatoka C.I.D., picha ya upelelezi. Humo mwizi wa mifukoni, amechezwa na Johnny Walker, anapita barabara za Bombay zenyewe akiimba jinsi maisha ya pale yalivyo magumu. Mwanamke anamjibu kwamba si magumu kihivyo. Sauti ni za Mohammed Rafi na Geeta Dutt. Polisi na wauaji wa picha ile nimeshawasahau. Ule ubishi siusahau, kwa sababu tunao kila siku kwenye daladala. Tuni yake O. P. Nayyar aliichukua kwenye wimbo wa zamani wa Kimarekani, "Clementine". Wasomi wengine huita huo wizi. Kwetu pwani tusiseme sana, maana waimbaji wa taarabu wa Mombasa, kama Juma Bhalo, nao walizichukua tuni za Bombay wakazivisha mashairi ya Kiswahili, na hakuna aliyezikataa harusini.

Picha ya tatu ni Gaman, ya Muzaffar Ali, 1978. Farooq Shaikh ni kijana wa kijijini anayemwacha mama na mkewe, anakuwa dereva wa teksi Bombay. Kuna wimbo, muziki wa Jaidev, sauti ya Suresh Wadkar. Hachezi mtu. Yeye anaendesha tu, mji unapita kwenye kioo, na sauti inauliza kuhusu watu wa mji huu maswali ambayo hakuna anayeyajibu. Mwishoni anafika stesheni, lakini hapandi treni ya kwenda kwao.

Hiyo niliiangalia na kaka yangu. Alihitimu kabla yangu, sasa anauza makava ya simu karibu na kituo cha mabasi, na mama anajua yuko ofisini. Alikuja hosteli kuchaji simu akakuta nimeiwasha. Wimbo ulipoanza mkono wangu ukaenda kwenye kitufe kwa mazoea, akaniambia, "Acha." Ulipokwisha akasema nirudishe, nikarudisha.

Picha ilipoisha hakuizungumzia. Aliniuliza nauli ya kwenda nyumbani siku hizi imefika shilingi ngapi.