Kazi Nne, Mto Mmoja

Andiko: Mhubiri 11:1–6, Matendo 11:27–30

Kabla ya kuendelea, fungua Mhubiri 11 usome taratibu. Mhubiri anatuambia tugawe fungu letu kwa saba, hata kwa wanane, maana hatujui ni baya gani litakaloipata nchi. Wako wanaosema hapo anazungumzia sadaka. Wengine wanasema ni biashara ya majini, mtu asipakie mali yake yote kwenye chombo kimoja. Mimi naona yote mawili yamo, na nitarudi kwa hilo la sadaka.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa hilo baya ni nini. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, mahindi yakakauka yakiwa bado mafupi. Halafu Novemba 2023 ikaja El Niño, na Aprili na Mei 2024 mafuriko tena. Mtu aliyekuwa akilia mvua akajikuta anahama na godoro kichwani.

Tangu hapo kila baraza tunaambiwa tuongeze njia za mapato. Ni neno zuri, ila wengi wanahesabu vibaya.

Chukua familia ya kando ya Sabaki, kule Magarini. Baba analima mahindi na ndizi bondeni. Mama ana kuku, na ana kibanda cha mboga stejini. Kijana anaendesha boda boda. Waulize, watakwambia wana kazi nne, na kweli hawalali. Sasa mto uvunje kingo. Mahindi yamezama. Kuku wamekwenda na maji. Mboga za kibandani zilitoka shamba lile lile. Boda boda haina barabara. Kazi nne, mto mmoja! Ufuoni ni vivyo hivyo: baba mvuvi, mama karanga anakaanga samaki wale wale, kijana anawabeba kupeleka mjini. Kusi ikichafuka Juni na Julai, vyombo vidogo vikashindwa kutoka, nyumba nzima imekaa.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na kuna swali moja la darasani ambalo bado nalitumia hata madhabahuni. Mtu akikwambia ana biashara tano, usimpigie makofi bado. Muulize ni kitu gani kimoja kinachoweza kuziangusha zote.

Kwa hiyo usihesabu kazi, hesabu mapigo. Chukua karatasi uandike: ukame, mafuriko, bahari chafu, ugonjwa wa mwenye kuleta riziki. Chini ya kila pigo andika kile kitakachobaki kimesimama nyumbani kwako. Penye nafasi tupu, hapo ndipo pa kuanzia. Muhogo unavumilia jua, lakini ukikaa kwenye maji unaoza, basi usiupande bondeni peke yake. Mbuzi wawili walio kwa shemeji yako anayekaa juu mlimani ni bima kuliko kumi walio pembeni ya mto. Mnazi (nasema mti, si kile kinywaji) unazaa bila kungoja upepo wa bahari utulie. Akina mama wa Kibuyuni, Kwale, wanalima mwani na kuvuna baada ya wiki kama sita. Ni pesa nzuri, ila kumbuka nayo iko baharini. Kule Gazi, tangu 2013, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalipwa kwa kutunza mikoko kwa sababu inahifadhi hewa ya kaboni, na pesa hizo zimesaidia maji na shule. Mikoko hiyo hiyo inavunja nguvu ya mawimbi na kulea samaki wachanga. Huo mradi naupenda sana, maana unaleta mapato na kulinda ufuo kwa pamoja.

Sasa chama. Wanachama wote wakiwa wa bonde moja, siku ya mafuriko wote watataka mkopo asubuhi ile ile, na sanduku halitoshi hata nusu. Ndipo narudi kwa sadaka. Fungu unalompa ndugu wa mlimani wakati wa ukame wake ndilo linalokungoja kwake wakati wa mafuriko yako. Huwezi kulianzisha siku maji yameingia ndani.

Najua kuna atakayesema, “Pasta, huko ni kukiri mabaya. Tena mstari wa 4 unasema anayeangalia upepo hapandi.” Ndiyo, lakini endelea hadi wa 6. Anayekemewa ni yule aliyeishia kuangalia. Mwenye hekima anaambiwa apande asubuhi, na jioni asiuzuie mkono wake, maana hajui ni ipi itakayofanikiwa. Huko ni kupanda zaidi ya mara moja!

Na tazama Antiokia. Agabo alisimama kwa Roho akatabiri njaa kubwa. Luka hataji mtu hata mmoja aliyemkemea. Anasema wanafunzi waliazimu kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Walisikia onyo wakafungua mfuko. Sisi Idara ya Hali ya Hewa ikionya, tunasema serikali inatutisha. Mei 2024 ilionya juu ya kimbunga Hidaya, kikatua Tanzania, na wapo waliocheka. Mvuvi aliyevuta chombo chake nchi kavu siku zile alipoteza mapato ya siku chache. Chombo anacho.

Wiki hii kwenye ushirika wa nyumbani kila familia ije na karatasi yake. Viongozi, andikeni nani yuko bondeni na nani yuko juu, mkubaliane mbuzi wa nani watalala kwa nani, na mbegu za nani zitawekwa wapi, kabla ya mvua za vuli.