Saa 24 za Mshukiwa wa Ugaidi
Mkazi wa Marereni anayekamatwa kwa tuhuma za ugaidi, awe kibarua wa mashamba ya chumvi au abiria aliyeteremshwa garini katika barabara ya Malindi kwenda Garsen, hapokonywi haki zake kwa sababu ya uzito wa tuhuma hizo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakibagui makosa: kila aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili, tena afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata iwapo saa hizo zitaishia wakati mahakama imefungwa.

Wengi hudhani kwamba Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilifuta muda huo, ilhali sheria hiyo yenyewe inaurudia. Inachoongeza ni kwamba, mshukiwa akishafika mbele ya hakimu, polisi wanaweza kuomba kwa maandishi aendelee kuzuiliwa kabla ya kushtakiwa, wakieleza uchunguzi uliobaki na kumpa nakala ya ombi hilo. Amri ya kwanza haizidi siku 30, na jumla ya siku zote haipaswi kuzidi 90.

Namna kanuni hizi zinavyofanya kazi ilionekana karibu na Marereni kwenyewe, baada ya mamia ya miili kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia Aprili 2023. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake, walioshukiwa kuhusika na vifo hivyo, walihamishwa kutoka mahakama ya Malindi hadi ya Shanzu, Mombasa, ambako sheria ya ugaidi ilitumika. Polisi waliomba siku 90, hakimu akatoa 30. Hata hivyo amri zilifuatana hadi mwanzoni mwa Januari 2024, hakimu alipoupa upande wa mashtaka siku 14 wawashtaki au waachiliwe, na mashtaka yakasomwa mwezi huohuo. Zaidi ya miezi minane ilikuwa imepita. Ni vigumu kuona jinsi muda huo unavyolingana na kikomo cha siku 90, na ukubwa wa msiba si hoja ya kisheria ya kukivuka, kwa kuwa mfano ukishawekwa kwa mshukiwa anayechukiwa na wote, humfikia pia yule asiyejulikana na mtu.

Serikali inaweza kupunguza baadhi ya haki, mathalani faragha, lakini Kifungu cha 24 cha Katiba kinadai upunguzaji huo uwe wa kisheria, wenye sababu na usiozidi kiasi. Mahakama zinaweza kuipinga hatua ya serikali, kama ilivyotokea mwaka 2015: baada ya shambulio la kigaidi dhidi ya Chuo Kikuu cha Garissa, akaunti za benki za mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa zilifungwa kwa madai ya ugaidi. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru zifunguliwe. Haki nyingine hazigusiki kabisa: Kifungu cha 25 kinakataza mateso bila kuacha mwanya wowote, na kinalinda amri ya kumleta mtu mahakamani, yaani agizo la jaji kwamba anayemshikilia mtu amlete na aeleze uhalali wa kumshikilia.

Amri hiyo ndiyo tegemeo la familia ambayo ndugu yao amechukuliwa na watu wasiovaa sare na hajulikani aliko. Jamaa waulize katika vituo vya polisi kama jina lake limeandikwa katika kitabu cha matukio, maarufu kama OB, na ripoti yao wenyewe ya kutoweka iandikwe humo nao wapewe nambari yake. Kisha waende Mahakama Kuu ya Malindi. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri kwa niaba ya asiyeweza kujifungulia, hakiruhusu kutozwa ada ya kulianzisha, na pale inapolazimu mahakama inaweza kupokea hata maombi yasiyo katika mfumo rasmi.