Saa ya basi haigunduliwi
Swali: Niliandika "I discovered the bus leaves at six", nikakosolewa. Kwani "discover" si kugundua?

Jibu: Kisarufi hukukosea, ila neno umelitwika mzigo usio wake. Saa ya basi uliulizia, ukajibiwa: sema "found out". "Discover" hubeba mshangao, au jambo lisilojulikana kabla, kama Alexander Fleming na penisilini mwaka 1928. Ukiunganisha vipande mwenyewe hadi jibu likatoka, hiyo ni "figure out".

Ninalolipenda zaidi ni "realise", kwa kuwa hukuuliza wala hukutafuta. Umeketi ndani ya basi, unapapasa mfuko, moyo unakupiga paa: pochi imebaki mezani! Hapo "I realised" ndilo lenyewe. Ukirudi ukaikuta, "I found it", bila "out".