Mafuta ya Mgongoni: Anza na Dume

Mnunuzi akimpasua nguruwe wako na kukuta mafuta ya mgongoni yamefikia unene wa vidole viwili, bei inashuka hapo hapo. Wafugaji wengi hulaumu pumba. Pumba ina hatia yake, tutaifikia, ila kabla hujagusa chakula ulizia kwanza baba wa nguruwe huyo ni nani.

Unene wa mafuta hayo hurithiwa sana. Ukilisha kundi moja chakula kimoja, karibu nusu ya tofauti utakazoona mgongoni zinatokana na vinasaba. Kwa idadi ya vitoto anavyozaa jike, vinasaba huchangia kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo jike mchagulie chuchu nyingi zilizo hai, miguu imara na upole wa kulea. Dume ndiye wa kumchagulia nyama, tena yeye mmoja hupandishia majike wengi.

Mwaka 2003 watafiti wa Sweden na Ubelgiji walieleza badiliko dogo katika jeni iitwayo IGF2, linaloongeza nyama na kupunguza mafuta ya mgongoni. Ajabu yake ni kwamba kwenye misuli ya nguruwe nakala iliyotoka kwa mama hunyamazishwa, ikafanya kazi ile ya baba peke yake. Dume mwenye badiliko hilo kwenye nakala zake zote mbili huwapa watoto wake wote faida hiyo, hata kama mama yao ni wa kienyeji. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kutobana fedha unaponunua dume.

Mbegu gani sasa? Large White na Landrace ni wazazi wazuri, na chotara wao wa kike ndiye mama ninayempendekeza kwa banda la biashara. Duroc, yule mwekundu, husambaza mafuta ndani ya nyama yenyewe, na hayo ndiyo yanayoilainisha ikichomwa. Wapenzi wa kitimoto wanaolalamika kwamba nyama ya siku hizi ni kavu wangeridhika na mtoto wa Duroc. Pietrain, mwenye madoa meusi na mapaja yaliyojaa, ana mafuta machache kuliko wote hawa, lakini muulize muuzaji swali moja: dume huyu amepimwa jeni ya mshtuko? Wengi wa mbegu hiyo wamekuwa wakiibeba. Nguruwe aliyeirithi pande zote mbili anaweza kufa garini akienda machinjioni kwa joto na msukosuko, na akifika salama nyama yake huwa ya kupauka na yenye kuvuja maji.

Wa kienyeji hukomaa akiwa na umbo dogo, kwa hiyo huanza kuweka mafuta mapema. Mchinje angali mdogo. Ukimngoja afikie kilo 90 kama Landrace, utakuwa unanunua chakula cha kutengeneza mafuta.

Kujua kama dume wako anafaa, huhitaji maabara. Weka alama masikioni mwa vitoto kulingana na baba yao, kisha uwepo siku ya kuchinja. Tafuta ubavu wa mwisho, pima sentimita 6.5 kutoka katikati ya uti wa mgongo, chomeka rula na uandike unene wa mafuta pamoja na uzito, jinsia na jina la dume. Linganisha wenye uzito unaokaribiana na jinsia moja tu. Waliohasiwa huwa na mafuta zaidi kuliko majike hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, na ukiwachanganya daftari litakudanganya.

Haya, pumba. Nguruwe anayekua hujenga mifupa na nyama kwanza, na chakula kinachozidi anakigeuza mafuta. Pumba za mahindi zina nguvu nyingi na protini duni, hasa upande wa lisini, kijenzi cha protini. Protini ikipungua, misuli inasimama huku nguvu ikiendelea kuingia, na inayobaki inakwenda mgongoni hata kwa mbegu bora. Changanya soya iliyokaangwa vizuri, kwani mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni, au dagaa kwa wadogo. Mashudu ya alizeti yanasaidia lakini lisini yake ni ndogo, yasiwe tegemeo lako pekee.

Kuanzia kilo 60 hivi, watenge waliohasiwa na uwapimie chakula badala ya kuwaachia wale watakavyo. Majike wanaweza kuendelea kula zaidi. Hapa ndipo fedha inapookolewa: nyama ni maji kwa takriban robo tatu, mafuta yana maji kidogo mno, hivyo kilo moja ya mafuta hula chakula kingi zaidi kuliko kilo moja ya nyama.

Dume mpya asiingie bandani siku anayofika. Mkalishe mbali na wenzake kwa wiki kadhaa ukimchunguza, maana homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba na humaliza banda zima. Na ukiwabakiza mabinti wake kama wazazi, tafuta dume wa ukoo mwingine kabla hawajafikisha miezi saba.