Barua ya Kuachishwa Kazi Ikija kwa Kiingereza

Mtaani tukisema fulani kapigwa chini, au katumbuliwa, hakuna anayeuliza maana. Barua ya mwajiri haisemi hivyo. Kiingereza chake hupoza mambo, ilhali kila neno lina malipo yake chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Kabla ya kusaini, tafuta sababu.

"Termination" peke yake husema tu kwamba ajira imekoma. Soma sentensi inayofuata. Ukikuta "retrenchment", "redundancy" au "operational requirements", unapunguzwa kwa sababu za kibiashara, si kwa kosa lako. Hapo mwajiri alipaswa kutoa taarifa ya kusudio lake, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au nanyi wenyewe juu ya nani apunguzwe na kwa vigezo gani. Barua inayoshuka Ijumaa jioni bila kikao chochote ina walakini, hata ikijaa pole. "Restructuring" na "we have to let you go" kwa kawaida huangukia humu humu. Hilo la pili husikika kama ruhusa ya kuwahi nyumbani, kumbe ndiyo safari.

"Dismissal" ni kufukuzwa kwa kosa. "Summary dismissal" ni papo hapo, bila notisi. Hata hivyo, una haki ya kuelezwa tuhuma na kujitetea. Anayefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo cha kisheria. Mwingine anayeachishwa na mwajiri, akiwa ametimiza mwaka, kwa kawaida hulipwa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, ukomo miaka 10. Mpishi wa hoteli aliyetumika miaka 12 na sasa anapunguzwa huhesabiwa siku 70. Juu yake kuna notisi ya siku 28 au fedha yake, kwa anayelipwa kwa mwezi, na likizo ambayo hakuichukua. Kama aliajiriwa Mwanza akaachishwa Dar es Salaam, adai pia nauli na gharama ya mizigo.

Linalonitia hofu zaidi ni "resignation". Ukibembelezwa uandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, "ili usiharibu jina", jua unaombwa uache kiinua mgongo mezani. Aliyeondoka kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira yasivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, ila mzigo wa kuthibitisha ni wake. Cheti cha utumishi ni haki yako kwa vyovyote.

Angalia na chini ya barua. "Full and final settlement" ni kukiri umelipwa kila kitu na huna dai jingine. Kama unapokea karatasi tu, andika kwa mkono "Nimepokea", weka tarehe, ubaki na nakala. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mwajiri hupewa nakala ya fomu ya kupeleka mgogoro huo. Ukichelewa, utalazimika kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. "Tunalishughulikia" ya afisa utumishi haisimamishi siku hizo.